Wimbo Mwekundu

Mimi nimefika Dubai na Guangzhou, lakini hata panya mmoja bado ananikimbiza kwa woga. Shukuru basi kwamba haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Siméon, fundi wa kompyuta mtaani Mususa.

Mama Kavuo alimletea kompyuta ya zamani, ile ya kuungwa na televisheni, ya marehemu mumewe, mtunzi wa kwaya. Nyimbo alizozimaliza marehemu aliziandika kwa rangi ya kijani, ambazo hajazimaliza kwa nyekundu. Kwenye televisheni yao ya nyeusi na nyeupe zote zilionekana kijivu, haijulikani upi umeisha, na Mama alitaka wimbo wake wa mwisho uimbwe siku ya kumaliza matanga.

Siméon akapata skrini ya rangi mjini Beni. Alipogusa kibodi, alikuta utando wa manjano umeganda kwenye kila kitufe.

"Ni mate yake," Mama akasema. "Alikuwa analamba kidole mbele ya kufinya kila kitufe, sawa mutu anafungua kitabu ya nyimbo. Nilimukataza, hapana kusikia."

"Na mulikuwa munakula ku sahani moja?"

"Ndiyo, papa. Na kidole ileile."

Siméon alisugua vitufe kwa alkoli mpaka vikakauka, akaunga nyaya za skrini. Wimbo ukatokea mwekundu, umebaki mstari mmoja tu uishe.

"Basi hakumaliza," Mama akanong'ona.

Mvua ikaanza. Wakaenda wote wawili kufunga dirisha, chumba kikawa giza. Nyuma yao wakasikia ulimi, kisha kitufe. Ulimi, kisha kitufe.

"Mama, ni wewe?"

"Niko hapa pembeni yako."

Walipogeuka, mstari uliobaki ulikuwa umeandikwa, na wimbo wote ulikuwa wa kijani. Siméon aligusa kitufe kimoja. Mate yalikuwa bado ya moto.