Simu ya Upepo Ndani ya Begi

Ukingo wa korongo ulimeguka ghafla. Gari likalala ubavu, likaserereka na kutua topeni, magurudumu yakizunguka hewani. Nyangi alitokea dirishani, mdomo umejaa udongo. Mwalimu Eliza akamfuata akilia. Mayunga, dereva, hakutoka. Bati la mlango lilikuwa limempasua paja, na damu ilikuwa inaruka.

"Kanga yako, Mwalimu!"

Walimvuta nje, wakafunga juu ya jeraha, wakakaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua. Haikukoma.

"Nimewahi kufukiwa shimoni kule kwenye dhahabu nikatoka," Mayunga alisema, meno yakigongana. "Siwezi kufa kwa ajili ya ndege."

Simu za mkononi hazikushika mtandao. Nyangi akachomoa simu ya upepo, ile redio ndogo ya kubonyeza na kusema. Zilikuwa tatu siku hiyo: moja kwao, moja kwa kundi la pili la watazama ndege, moja kambini Robanda.

"Mwenyekiti, tumepata ajali. Dereva anavuja damu."

Alipoachia kitufe, alisikia kicheko.

"Kumi na nane! Andika, Felista!" Ilikuwa sauti ya Waitara, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa na kundi la pili. "Wenzetu wale mpaka sasa hata kumi hawajafika!"

Nyangi akabonyeza tena, na tena. Waitara aliendelea kuhesabu ndege. Hapo akaelewa. Kitufe cha yule mzee kilikuwa kimebanwa begini. Simu yake ilikuwa inarusha kila neno, na haikuweza kupokea hata moja. Kambini nao walikuwa wanasikia kicheko hicho hicho.

Na alikuwa amemwambia! Asubuhi, yeye ambaye kusema mbele za watu humtoa jasho, alisema: "Mzee, itundike kifuani. Begini darubini itabana kitufe." Ndiye aliyezichaji na kuzifuta simu hizo kila jioni. Waitara alisema ikining'inia kifuani inamharibia picha. Kisha akageukia watu: "Huyu aliyeishia darasa la tano ndiye atanifundisha mitambo?" Watu wakacheka. Nyangi akatazama vidole vya miguu yake.

"Tazameni jumba la huyu fundichuma!" simu ilibwata. "Tumekaa juu ya jiwe, kiota kiko usoni kabisa!"

Nyangi akainua kichwa. Kiota cha fundichuma, ndege yule anayejenga kiota kikubwa kama jumba, mbele ya jiwe la kukalia alikijua kimoja tu, kwenye mkuyu wa kona ya mto, alikochungia mbuzi. Nusu saa kwa mguu, kama nyati hawapo.

Akamkabidhi Eliza simu. "Ukisikia kelele zimekatika, bonyeza useme. Usiache kukandamiza jeraha."

Akakimbia. Miiba ya migunga ilimchana mikono. Kijito alichozoea kuruka kilikuwa kimejaa, kikamfika kifuani na kumchukua kiatu kimoja. Ng'ambo, nyati dume alikuwa amesimama njiani, pua juu. Nyangi alijibana nyuma ya mti, akahesabu pumzi zake, akijua kila pumzi ni damu ya Mayunga. Nyati alipogeuka, alikimbia tena, mguu mmoja peku.

Waitara alimwona akitokea. Akaweka kidole mdomoni.

"Shii! Utawatimua!"

Nyangi alimpita. Akanyakua begi, akalimwaga lote juu ya jiwe: biskuti, kofia, darubini, na simu, taa yake nyekundu ikiwaka. Darubini ilipobingirika, taa ikazimika. Sauti ya Eliza ikapasuka:

"...kuna anayenisikia? Amefumba macho! Nyangi, amefumba macho!"

Hakuna aliyecheka.

"Kambi imesikia!" Alikuwa Simoni. "Mko wapi?"

Waitara akanyoosha mkono. "Lete niongee nao, binti."

"Hapana." Nyangi mwenyewe alishtushwa na ukali wa sauti yake. "Umeongea asubuhi nzima." Akabonyeza. "Simoni, pita josho la ng'ombe, korongo la pili kushoto. Ita nesi. Sisi tunakuja na gari la kundi hili, tunazungukia darajani." Akawageukia. "Ingieni! Mzee, wewe kaa nyuma, shika maji. Usiseme kitu."

Mwenyekiti akakaa nyuma.

Walimkuta Mayunga mweupe midomo, mikono ya Eliza bado imeganda juu ya kanga. Gari la kambi lilifika na nesi, likampeleka hospitali Mugumu. Jioni daktari alisema mguu utapona, ila angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine.

Nje ya wodi, Waitara alikohoa. "Nyangi, mwanangu... ile simu yangu."

Ilikuwa inaning'inia kifuani kwa Nyangi, juu ya gauni lenye tope na damu.

"Ipo," alijibu, akimtazama machoni. "Kesho ukitaka kutazama ndege, utanisikia mimi kwanza."

Hakuivua.