Ubeti wa Tatu wa Hilda

Pumzi ndiyo iliyomshtua Obedi kwanza. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Hombolo linachoma bati, naye amevaa hedifoni anasikiliza wimbo wa marehemu mkewe. Hilda alirekodi beti mbili tu, akaugua, akafa. Baada ya ubeti wa pili palitakiwa pawe kimya kabisa. Leo palikuwa na mtu anavuta pumzi, kama anayejiandaa kuimba.

Huyu Obedi ni prodyuza wa kwaya na wazee wa zeze. Programu yake ya muziki ina ukurasa ambako watumiaji huandika vitu wanavyotamani viongezwe, na yeye alikuwa msumbufu wa ukurasa huo. Wekeni kirekebisha sauti kinachojua kuwa Mgogo hajakosea, ndivyo anavyoimba. Wekeni mdundo usiolazimisha ngoma zetu zitembee kama askari. Wapi! Hakujibiwa hata siku moja. Na kwa kuwa kwa Kiswahili ukurasa ule uliandikwa "Maombi", wanakwaya walimtania: "Obedi bwana, wewe unaomba kuliko mchungaji."

Jana yake ndipo alipoandika la mwisho, machozi yanadondokea kibodi. "Naomba aliyekatishwa amalizie wimbo wake. Nitatoa chochote."

Sasa kwenye skrini palikuwa na kitufe ambacho hajawahi kukiona. Malizia.

Akabonyeza. Jamani, Hilda akaimba! Ubeti wa tatu, kwa Kigogo kile kile cha kwao Kongwa, na kale kamkwaruzo kake mwishoni mwa maneno. Obedi alilia mpaka kamasi zikamtoka. Chumba kilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili, lakini nani angejali harufu siku kama hiyo?

Jioni mtoto wao Penina, wa miaka sita, alikuwa amekauka sauti. Obedi akamchemshia tangawizi. Kesho yake akabonyeza tena, na Hilda akaongeza mistari. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya nne Penina alijikwaa mlangoni, akapasuka goti, akafungua kinywa kulia, na hakuna kilichotoka. Zahanati wakammulika koo, wakasema ni zima.

Obedi alirudi studio. Akavaa hedifoni, akafanya kazi anayoijua, akaondoa besi, akaondoa mwangwi, akaivuta sauti ile juu kidogo kidogo na kuiongeza kasi, huku udongo ukinuka mpaka akauonja kwenye ulimi, na chini ya sauti ya mkewe ikaanza kutokea nyingine, ndogo, iliyokuwa imeshushwa na kunyooshwa ili ifanane na ya mtu mzima, na kila alivyoivuta ilizidi kuwa ya mtoto, mpaka mtoto yule akakohoa, na kikohozi kile Obedi alikuwa amekilea tangu kikiwa kichanga.

Alitoka mbio mpaka kwa jirani yake, Bi Mishi, Mrangi wa Kondoa, anayesomea watu waliochezewa na majini.

"Shikamoo, mama. Njoo, mwanangu anaimbwa."

Bi Mishi alifika, akasimama kwenye kizingiti cha studio kando ya Penina, akakataa kuingia.

"Uliomba nini, Baba Penina?" aliuliza kwa kunong'ona.

Akamweleza.

"Na ulimwomba nani?"

"Sikumtaja mtu. Ni ukurasa tu wa maombi, mama. Wa programu."

"Kanisani kwenu mkiomba, hamtaji jina?"

"Tunataja."

"Basi ombi hili uliliacha wazi, na aliyepita karibu akalichukua. Tena ukamwambia utatoa chochote." Akaanza kusoma polepole, kiganja juu ya kichwa cha Penina. "Futa."

"Ubeti wa tatu?"

"Vyote alivyovigusa. Na zile beti mbili."

"Mama, hizo ni zake kweli! Sina sauti yake nyingine popote!"

"Najua, mwanangu," Bi Mishi alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Futa."

Obedi alimwangalia mtoto. Penina alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, anakataa, midomo inachezacheza bila neno. Akadhani jini ndilo linalomtikisa. Akachagua kila kitu. Programu ikamuuliza kama ana uhakika, na kwenye spika alizokwisha kuzizima Hilda akasema taratibu, kama alivyokuwa akimwamsha asubuhi, "Baba Penina, jamani."

Obedi akabonyeza.

Harufu ikakatika hapo hapo. Nje jogoo aliwika, na Obedi akaegemea meza akilia kwa uchungu, maana sasa ndipo Hilda alipokufa kabisa.

"Baba."

Aligeuka. Ilikuwa sauti ya Penina, yake mwenyewe, safi. Akamkumbatia, akambusu kichwani, akamshukuru Mungu kwa jina lake. Mtoto hakumkumbatia.

"Baba, mbona umemfuta mama?"

"Hakuwa mama, mwanangu. Lilikuwa jini, linakuibia sauti."

"Hakuniibia," Penina akasema, na kilio kilichokuwa kimekwama siku zote zile kikaanza kumtoka. "Aliniomba nimwazime sauti, nikamkubalia. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu."