Samaki Mia Mbili wa Kumpendeza Mkaguzi

Nisikilizeni, ndugu zangu, hasa ninyi mnaofagia nyumba siku ya mgeni tu.

Asubuhi ile bwawa lilikuwa limetulia tuli. Wavuaji wa kujiburudisha, wale wanaomvua samaki kwa ndoana kisha kumrudisha majini salama, walikuwa hawajafika. Mama Mapacha, mke wa mwenye bwawa, alishuka ukingoni na kifaa chake cha kupima hewa ya majini, kama ilivyo kawaida yake. Kwa miaka mitatu familia ilikuwa ikihangaikia cheti cha ubora wa bwawa, na mkaguzi angefika saa nne.

Alipochungulia, moyo ukamlipuka paa! Samaki walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta pumzi.

"Baba Mapacha! Njoo uone, samaki wanakufa!"

Mumewe alikuja mbio, vifungo vya shati wazi. Aliogopa, lakini hakushangaa.

"Umefanya nini?" mkewe aliuliza.

"Jana nilileta wengine mia mbili," alinong'ona. "Nilitaka mkaguzi aone bwawa limechangamka."

"Mia mbili! Na kanuni inasema samaki wageni watengwe kwanza, na idadi isizidi hewa iliyomo majini?"

"Basi, mke wangu, yaliyopita si ndwele."

Yaliyopita gani, jamani, na samaki wanatweta mbele yake?

"Tumpigie mkaguzi," alisema Mama Mapacha.

"Una wazimu? Tutanyimwa cheti! Tuwaopoe wanaokufa kabla hajafika."

Mama Mapacha alikuwa ameshatoa simu. Alimwogopa mumewe, akamwogopa mkaguzi, akaogopa watoto watakula nini bwawa likifungwa. Akairudisha simu mfukoni. Hilo ndilo kosa lake, nami simfichi.

Wakaanza kuyakoroga maji kwa ndoo ili yapate hewa, huku wakiopoa wafu na kuwatia magunia. Kipimo cha hewa, ambacho hakipaswi kupungua tano, kikashuka hadi tatu, kikashuka hadi mbili. Samaki mkubwa aliyechanika pezi, ambaye wavuaji walimwita Bibi kwa uzee wake, alikata roho mikononi mwa Mama Mapacha. Kila gari lililopita barabarani lilimshtua.

Mkaguzi alifika, akayaona magunia. Hakufoka.

"Yameanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," Mama Mapacha alijibu.

"Mbona hamkunipigia, dada yangu? Gari letu lina pampu ya hewa. Saa moja ningekuwa hapa."

Akakimbia kuishusha pampu, lakini wakati wa kuwaokoa ulishapita. Hadi jioni hakubaki samaki hata mmoja. Mama Mapacha aliketi topeni akalia kwa sauti, na mumewe hakuthubutu hata kumgusa bega.

FUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kanuni za bwawa ziliwekwa ili samaki apumue, si ili macho ya mkaguzi yafurahi. Ukikosea, sema saa ileile, hata kama magoti yanagongana. Huyo unayemkimbia huenda ndiye aliyebeba pampu.