Nembo Iliyonata Kwenye Pasi

Kila alasiri akitoka shule, binti wa dobi alitua mkoba nyuma ya mlango wa duka la baba yake, akakoroga wanga wa mashati, kisha akaanza kuzungukazunguka. Mtaa mzima ulimwita Kiguunjia, maana yeye na kiti hawakupatana.

Siku hizo hata baba yake hakutulia. Zamani mashati meupe ya maofisini yalijaza kamba kutoka mlangoni hadi ukutani. Sasa ofisi zilikuwa zimeruhusu watu kufanya kazi wakiwa wamevaa fulana na jinzi, na kamba ilining'inia karibu tupu.

"Tai imekufa," Baba alitania, "na mfiwa ni mimi."

Alasiri moja aliingia mhasibu wa kampuni ya jirani, mteja wao wa miaka mingi. Miguuni alivaa raba. Alitoa fulana yenye nembo kubwa ya kampuni kifuani.

"Mzee wa pasi, kesho nasimama mbele ya wageni na hii. Nataka inyooke kama shati. Ukiipatia, nitawaambia wenzangu wote wakuletee zao."

Mhasibu alipotoka, Baba aliipapasa ile nembo, akakuna kidevu. "Usiiguse. Naenda kwa mchapaji wa fulana mtaa wa pili, nimuulize hii inapigwaje pasi."

"Baba nawe! Si fulana tu?"

"Usilolijua, uliza. Haya, kaa hapo!"

Kiguunjia alikaa. Akainuka. Akachungulia mtaani, akarudi. Aliwaza jinsi Baba atakavyofurahi akikuta kazi imekwisha, na kamba itakavyojaa tena. Basi akaitandika fulana mezani, akainyunyizia wanga, akaikandamiza pasi ya moto mkali kifuani, kama walivyozoea kwa mashati. Harufu ya plastiki ikapanda. Alipoinua pasi, nusu ya nembo iliinuka nayo.

Aliikunja fulana kifua kikiwa ndani, akaifunga kwenye gazeti, akaiweka rafuni.

"Ee Mungu," alinong'ona, "asiifungue."

Baba alirudi pamoja na mhasibu. Walikuwa wamekutana njiani, mhasibu akija kuichukua fulana yake.

"Umeshaipiga?" Baba alishtuka alipoona furushi.

"Nimepiga polepole, Baba."

Baba alinyoosha mkono alifungue, lakini mhasibu akaliwahi. "Acha, mzee, nimechelewa. Wewe nakuamini."

Neno lile lilimchoma Kiguunjia kuliko pasi. Alimwona mhasibu akivuka barabara, furushi kwapani. Akilini akamwona kesho, mbele ya wageni, akifungua gazeti. Baba alikuwa anatabasamu. Kiguunjia hakuweza kusimama pale tena, alichomoka mbio.

"Mjomba! Simama! Usiende nayo!"

Walirudi dukani. Mhasibu aliifungua fulana, akaitazama mbele na nyuma. "Na nembo yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye pasi," Kiguunjia alijibu, machozi yakimtoka. "Baba alinikataza. Nimeiharibu, nikaificha."

Mhasibu alikunja uso. Baba alichukua kofia yake. "Duka ni langu, na hasara ni yangu. Mchapaji hajafunga. Twendeni."

Mchapaji aliwachapia nembo ileile kwenye fulana mpya. Waliporudi, Baba alimpa Kiguunjia pasi nyingine. "Igeuze nje iwe ndani. Tandika kitambaa juu yake. Moto mdogo, na wanga weka kando." Kiguunjia alipiga pasi huku amebana pumzi. Nembo haikubanduka.

"Wenzangu nitawaambia," mhasibu alisema akiipokea. "Hapa nguo ikiungua, unaambiwa."

Mhasibu alipoondoka, Kiguunjia aliinamisha kichwa. "Baba, nilisali, lakini moyo haukutulia."

"Uliomba nini?"

"Asiifungue."

Baba alicheka hadi akakalia kapu la nguo. "Mwanangu, ulimwomba Mungu akusaidie kuficha! Siku nyingine mwombe nguvu ya kusema kweli, naye atakupa." Kisha akaacha utani. "Mavazi ya ofisini yatabadilika, nasi tutajifunza. Mimi na mvi zangu nimekwenda kuuliza. Lakini mtu akikuambia 'nakuamini', amekukabidhi kitu kikubwa kuliko nguo. Kitunze."

"Nimesikia, Baba."

Kiguunjia alivuta kiti, akakaa, akaanza kuikwangua taratibu ile pasi iliyonata nembo mpaka ikang'aa. Hakuinuka hata mara moja.