Kabari za Njano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damari alimpelekea baba yake uji kwenye jukwaa la mizigo la stesheni ya Manyoni. Siku hiyo wapakiaji walikuwa wakihamisha mashine nzito ya kuchimbia visima kutoka jukwaani kwenda kwenye tela la chini. Damari aliwaamkia wote, akafungua chupa, akaanza kumimina.

"Hezekia, ruka!"

Tela lilikuwa limeteleza. Bamba la chuma lililoliunganisha na jukwaa lilichomoka, likaanguka kwa kishindo. Mjomba wake Hezekia, mmoja wa wapakiaji, aliwahi kuruka. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya bamba.

Bwana Mughwai, msimamizi, alikuja akifoka. "Mzembe wewe! Nani alikwambia uzuie magurudumu kwa mawe? Kabari za mbao ziko wapi?"

"Nilipofika sikuzikuta, bosi."

"Basi kesho usije. Kalale kwenu Mgori!"

Wapakiaji walitazama chini. Damari naye alitazama chini, akaona majivu ya moto waliouota alfajiri. Katikati palikuwa na kipande cha mbao, upande mmoja mkaa, upande mwingine rangi ya njano. Rangi hiyo aliijua. Baba yake alizipaka kabari hizo nyumbani ili zisipotee.

"Baba," alinong'ona, "si kabari hizi hapa?"

"Nyamaza, mwanangu. Wahi shule."

"Lakini mjomba anafukuzwa!"

"Haya ni mambo ya wakubwa."

"Kwani wakubwa wanaruhusiwa kusema uongo?"

Mpakiaji mmoja alicheka. "Alute, huyu binti yako ni pilipili!"

"Mwondoeni hapa," alisema Bwana Mughwai. "Nanyi rudisheni bamba, tupakie."

Mjomba Hezekia, mguu mmoja peku, aliinama kulishika bamba. Damari alikiokota kile kipande cha njano, akakiweka miguuni pa baba yake.

Mzee Alute alikitazama. Kisha akapanda juu ya bamba, akasimama.

"Hatupakii. Bosi, kabari ulizitia motoni wewe. Mimi nilikuona, nikanyoosha mikono nikaota. Hezekia alikuwa hajafika."

Mpakiaji aliyecheka alipanda bambani pia, kisha wengine. Hatimaye Bwana Mughwai alimtuma dereva wa tela kwa fundi seremala akalete kabari mpya. "Hezekia," alisema bila kumtazama, "vaa kiatu chako. Tutaendelea na kazi."

Baba alimsindikiza Damari hadi barabarani. Hapo akasimama.

"Uliniuliza kuhusu wakubwa. Hawaruhusiwi, mwanangu. Mimi sikusema neno, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo uleule. Niliogopa kupoteza kibarua, nikamwacha mjomba wako aonewe. Ukiona mtu anaonewa, usisubiri kama nilivyosubiri mimi."