Taa Iliyokosekana Langoni

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Shimomachi walifagia darasa lao, wakapiga deki veranda, wakabadilisha viatu na kwenda zao nyumbani. Lakini mwezi wa Julai kazi iliongezeka. Sherehe ya kiangazi ya hekalu la mtaa ilikuwa inakaribia, na kufuta vumbi taa za karatasi ndani ya ukumbi wa mtaa ilikuwa kazi ya darasa la sita tangu enzi za babu zao.

Taa hizo zilikuwa kubwa kama mitungi. Kila moja iliandikwa jina la duka au kampuni iliyoitoa: duka la Bi Ogata la tofu, ile jibini ya soya, kinyozi, daktari wa meno. Mwisho wa mstari wa juu, kila mwaka, mbili zilitundikwa pamoja. Moja ilikuwa ya Kawasemi, studio ndogo ya kutengeneza gemu iliyopanga chumba juu ya duka la baiskeli. Ya pili ilikuwa ya Tenro, kampuni kubwa ya Osaka inayouza mashine za kuchezea gemu. Gemu za Kawasemi zilichezwa kwenye mashine ya Tenro tu, na si nyingine yoyote. Watu wa mtaa waliziita taa hizo mbili bwana na bibi harusi.

Chizuru aliifuta taa ya Kawasemi kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu mama yake alikuwa mchoraji katika studio hiyo. Misitu na milima yote iliyokuwa ndani ya gemu zao ilitoka mkononi mwake. Chizuru alikuwa na kichwa kigumu na mdomo mwepesi, na alipomaliza kufuta alichoka kukaa kimya.

"Renji, rusha basi! Au mkono umeota kutu?"

Renji, mwanafunzi mwenzake, alifinyanga tambara bichi likawa kama mpira, akalirusha. Chizuru aliuzungusha ufagio kwa nguvu zake zote. Tambara alilikosa. Mpini wa ufagio ulizama ndani ya taa ya Tenro, karatasi ikachanika kutoka juu hadi chini.

"Mama yangu wee!" alisema Tamaki, mwenzao wa tatu, akaziba mdomo.

"Hakuna aliyeona," Renji alinong'ona. "Tuifiche chini ya mikeka ya zamani. Hatusemi. Tumeapa?"

Tamaki aliapa. Chizuru naye aliapa, maana alimwogopa Bi Ogata, mwenyekiti wa mtaa, ambaye akikasirika hata mbwa wa jirani walitulia. Kunyamaza ni rahisi siku ya kwanza.

Kesho yake wazee walizitundika taa kwenye lango la hekalu. Bi Ogata aliona nafasi ya Tenro iko wazi, moyo ukamwuma. Alidhani Bwana Isaki, mwenye studio, ameiondoa mwenyewe kwa sababu mambo yameharibika huko. Hakumwuliza. Huwezi kumwuliza jirani kwa nini mke wake haonekani siku hizi. Bwana Isaki naye alipopita akaona pengo, akadhani Tenro ndio walioagiza taa yao ishushwe. Aliinamisha kichwa, akamsalimu Bi Ogata, akasifu hali ya hewa na kuondoka.

Mpita njia mmoja alipiga picha. Kabla ya jua kuzama, picha ilikuwa imezunguka nchi nzima: Kawasemi na Tenro wanaachana!

Shuleni hapakukalika. Wakati wa chakula cha mchana, Goro, aliyeipenda mashine yake ya Tenro kuliko ndugu zake, alikuwa wa zamu ya kupakua, akampakulia Chizuru supu nusu bakuli.

"Wasaliti hawashibi," alisema kwa sauti ya darasa zima. "Mama yako anahamia kwa maadui wa Tenro!"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Lisemwalo lipo."

"Wewe jana ulisema mwalimu wetu anaolewa na mwanasesere. Hilo nalo lipo?" Chizuru alimsukumia bakuli. "Jaza. Na taa haijui kusoma mkataba, hata wewe hujui."

Darasa likacheka. Goro alijaza bakuli, masikio yamemwiva. Lakini Chizuru hakuisikia ladha ya supu ile. Alijua taa ilikuwa wapi.

Jioni mama yake aliweka wali na samaki mezani, yeye mwenyewe asile.

"Tenro wameahirisha maonyesho ya gemu yetu mpya," alisema. "Jumamosi anakuja Bi Kurose, mwakilishi wao kutoka Osaka. Bwana Isaki anasema anakuja kutuaga. Tenro wakituacha, mwanangu, studio haifiki mwaka mpya."

"Kwani mmewauliza?"

"Tuulize nini? Mtu akitaka kukuacha unamwacha aseme mwenyewe. Ndiyo adabu."

Chizuru alivitazama vijiti vya kulia wali mkononi mwake. Alikuwa ametoboa karatasi ya taa, na sasa watu wazima walikuwa wanalipanua lile tundu kwa adabu zao. Hasira zilimpanda, za kujikasirikia mwenyewe na za kuwakasirikia wengine wote.

Asubuhi ya Jumamosi aliwakuta Renji na Tamaki mbele ya ukumbi wa mtaa, ambamo Bi Kurose alikuwa anapokelewa.

"Naenda kusema."

"Uliapa!" Renji alimzuia mlangoni. "Ukisema, na sisi tumekwisha. Baba atanitoa kwenye timu ya besiboli."

"Ufagio niliushika mimi. Nitataja jina langu tu."

"Subiri sherehe ipite. Watasahau."

"Sherehe itapita, na mama yangu atakuwa hana kazi. Nipishe, Renji. Usiponipisha nitapita hivyo hivyo."

Tamaki alianza kulia, kisha akakimbilia kwao. Renji akasogea.

Ndani ya ukumbi, watu wazima walikuwa wamepiga magoti kuizunguka meza fupi. Bi Kurose alikuwa ameleta boksi la keki. Bwana Isaki alizisifu keki. Bi Kurose aliisifu chai ya shayiri, iliyokuwa baridi vizuri. Bi Ogata alilisifu joto, ambalo hakuna mtu mwenye akili angelisifu. Mama Chizuru alimimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa.

Chizuru aliinua mikeka ya zamani, akaitoa taa iliyochanika, akaiweka katikati ya meza, juu ya keki.

"Chizuru!" Mama yake alishtuka. "Toka nje!"

"Mtoto, sasa hivi si wakati wake," alisema Bi Ogata.

"Ndio wakati wake, Bi Ogata. Nimechelewa hata hivyo." Hakuinamisha macho. "Hii taa niliichana mimi kwa ufagio, nikicheza, nikaificha. Hakuna aliyeishusha. Naomba radhi kwa taa. Adhabu yoyote nitaifanya. Lakini haya mengine sikuyafanya mimi. Ni nyinyi hamkuulizana!"

Mlango wa kuteleza ulifunguka, Renji akaingia, uso mwekundu kama pilipili.

"Na tambara nililirusha mimi," alisema. "Wazo la kuficha pia lilikuwa langu."

Bi Kurose aliweka kikombe chini polepole. "Bwana Isaki, kwa hiyo si nyinyi mlioishusha taa yetu?"

"Sisi? Mimi nilijua mmeagiza ishushwe!"

"Tuliona picha. Tukasema mmetuchoka, ndiyo maana tukaahirisha maonyesho. Nilikuja kusikia habari mbaya kwa heshima."

"Nami nilikuwa nakuandalia chai ya kuagana!"

Walimgeukia Bi Ogata. Mwenyekiti wa mtaa, kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, aliinamisha kichwa. Bwana Isaki alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi, na haikujulikana vizuri ni machozi ya nini.

Adhabu ilitoka hata hivyo. Chizuru na Renji walifagia ngazi za hekalu, kisha Bi Ogata akawasimamia wakibandika karatasi mpya juu ya taa. Kiraka kilionekana. Bi Ogata alikataa kukificha.

Wakati gundi ikikauka, mama aliketi kando ya binti yake.

"Nilikasirika na bado nimekasirika," alisema. "Ungesema siku ile ile, tusingefika huku. Mtu akinyamaza, wengine hukijaza kimya chake kwa maneno yao. Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwepo, ila sisi wakubwa tulikuwa tunalivuta lije, kwa kuogopa swali moja. Ukiharibu, sema mapema. Usipojua, uliza. Leo wewe umenifunza la pili, na mimi nakufunza la kwanza."

Siku ya sherehe taa zote ziliwaka, bwana na bibi harusi wakiwa bega kwa bega, mmoja na kiraka kifuani. Tayari watu walikuwa wanakipiga picha. Goro alimfuata Chizuru na simu mkononi.

"Wanasema kiraka ni ishara. Eti wataachana mwakani. Kweli?"

"Sijui."

"Mama yako yuko pale pale, utakosaje kujua?"

"Nimesema sijui. Kiraka nakijua, nilikibandika mimi. La mkataba kamuulize Bwana Isaki, yule pale anakula barafu yenye shira."

"Siwezi kumwuliza mtu mzima kitu kama hicho!"

"Basi usiseme," alisema Chizuru, akamshika mkono na kumvuta hadi alipokuwa Bwana Isaki. "Shikamoo, Bwana Isaki. Goro ana swali."