Kidole Gumba cha Mzee Lugendo

Kinyonyarangi kilishusha mdomo wake wa kioo juu ya jarida la Kijapani, kikavuta wino tabaka kwa tabaka: njano, nyekundu, mwisho nyeusi. Kila chembe ilipimwa na kupandishwa kwenye kumbukumbu ya Hifadhi ya Picha, Dodoma, isichakae tena milele. Karatasi ikabaki nyeupe pe, tayari kwa kusagwa.

Nyamizi alikuwa mbele ya skrini tangu asubuhi. Kazi yake moja tu: picha ikitokea, abonyeze Kubali, maana sheria hairuhusu mashine kujikubalia. Miaka kumi na moja anabonyeza. Jamani, alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

Ila leo alikuwa na jambo lake. Jarida hili la mabango ya mataifa lilishonewa ndani bango halisi la babu yake, Mzee Lugendo, mchapaji wa Keko. Jina hawakuliweka. Waliandika "Afrika" basi, kama vile bara zima lilishika brashi! Lakini wachapaji wa Keko walikuwa na desturi: bango likikauka, unagandamiza kidole gumba chenye wino pembeni. Hiyo ndiyo sahihi. Alama ikilingana na ya kipande chake cha zamani, kile kitambulisho cha kazi chenye alama ya kidole, jina lake litaingia kwenye kumbukumbu.

Kila mkaguzi huruhusiwa kuokoa ukurasa mmoja kwa mwaka, usinyonywe. Nyamizi aliagiza wa tano. "Ukifungua tu, wa tano," babu alikuwa akisema, kila siku hadithi ileile.

Ombeni, msimamizi wake, alimletea karatasi iliyookolewa. Lilikuwa tangazo la saa za mkononi.

"Dada Nyamizi, si ulisema bango?"

Nyamizi aliigeuza, akaigeuza tena.

"Ombeni, Wajapani wanafungulia jarida upande gani?"

"Hili? Kulia. Kwani vipi?"

"Nimeliweka kama letu. Nimehesabu kutoka kushoto. Kizime Kinyonyarangi!"

"Hakizimiki katikati ya ukurasa, dada."

Skrini ikawaka. Mbu mkubwa mweusi juu ya chandarua chekundu, bango la babu, linang'aa kama limechapwa jana. Pembeni hapakuwa na kitu. Chini yake maandishi: *Uchafu mmoja umeondolewa. Msanii: hajulikani. Kubali?*

"Si uchafu huo," Nyamizi alisema. "Ni kidole cha babu yangu."

"Pole sana, dada. Lakini ukikataa, picha nzima inafutika."

Nyamizi alilia bila kujificha. Kisha akabonyeza.

Ukurasa uliofuata ukatokea, bango la mtu mwingine, wa nchi nyingine. *Uchafu mmoja umeondolewa. Msanii: hajulikani. Kubali?* Maneno hayo alikuwa ameyasoma mara ngapi? Maelfu. Na kila mara alibonyeza, akawaza chai.

"Endelea, dada, tufunge kazi," Ombeni alisema taratibu.

Nyamizi aliutazama mkono wake, akautoa mezani, akaukalia.